Kidude kilichomeza "ha" ya bibi

Najua nimepotea sana, na wale mlionipigia kuuliza kama nimedisko nawajibu hapa hapa kwamba bado nipo, nadunda. Nilikuwa Mbeya kwenye TP, zile wiki za mazoezi ya kufundisha, na gheto nililopanga Soweto lilikuwa na umeme wa kubahatisha na mtandao wa kubahatisha zaidi. Juzi nimeshuka Igumbilo usiku, miguu imeganda kwa baridi niliyoibeba kuanzia Makambako, na leo ndiyo nimepata nafasi ya kukaa chini niwasimulie.

Mtakumbuka niliondoka hapa Mkwawa na kontena la plastiki la kubebea chakula ambalo ndani yake hakukuwa na chakula, kulikuwa na nyaya. Mlinicheka sana. Mmoja wenu, hujijui?, aliniuliza kama naenda kufundisha Kiswahili au kutega bomu. Sasa hiki ndicho kisa cha hilo kontena, na naomba wale wasiopenda mambo ya kompyuta wasikimbie, maana humu ndani kuna bibi yangu, kuna fisi, na kuna binti mmoja wa kidato cha tatu ambaye nilimkosea.

Nianze na fasihi simulizi. Wote tumesoma, wote tumejibu maswali yake kwenye mtihani wa kidato cha nne. Fasihi simulizi ni ile inayopita kwa njia ya masimulizi ya mdomo, tukaambiwa, kisha mwalimu akageuka akaandika ubao mzima kuhusu masimulizi ya mdomo, nasi tukanakili kimyaaa. Mimi sikumbuki hata siku moja nikiwa sekondari nimesikia ngano darasani. Nimesoma sifa za ngano, fani na maudhui ya ngano, tofauti ya ngano na visasili... ngano yenyewe sijaisikia. Nikajiapia kwamba nikienda field, wanafunzi wangu watasikia.

Na mimi ninaye bibi. Anaishi Rungwe, juu kidogo ya mji wa Tukuyu, kule mvua inakonyesha mpaka unasahau rangi ya jua. Likizo ya Desemba nilimrekodi kwa simu akiwa jikoni, dakika 10 kamili, ngano ya fisi aliyekwenda ukweni. Bibi hasemi paukwa wala pakawa, hayo ni mambo ya watu wa pwani. Yeye anakohoa mara moja, anasogeza kuni, basi, hadithi imeanza. Anasimulia kwa Kiswahili ila nyimbo zote ni Kinyakyusa.

Mtaniuliza, kwa nini usipige tu kwa simu? Kwanza simu yangu ina tabia mbaya, katikati ya jambo zito inaingiza ujumbe wa kukumbushwa deni. Pili, na hili ndilo kubwa, nilitaka wanafunzi wenyewe wakishike, warudie kipande wanachotaka, warekodi hadithi za nyumbani kwao. Shuleni mwanafunzi haruhusiwi simu, mnajua wenyewe. Mkuu wa shule nilipomwonyesha kidude kisichokuwa na laini wala intaneti, kina vitufe 6 tu na kioo kidogo, alikigeuza geuza, akauliza, "Hiki hakipigi?" Nikamjibu, "Hakipigi mkuu." Akasema sawa.

Kidude chenyewe alikiunda mshkaji wangu anayesoma MUST. Moyo wake ni Raspberry Pi Zero 2 W, ubao wa milimita 65 kwa 30 uliotoka mwaka 2021, wenye RAM ya MB 512 tu. Kinaendeshwa na Linux na kinakula umeme wa pawabenki. Kwa ukubwa kinaingia kiganjani kama unakaza vidole. Kina kasoro moja ambayo ndiyo imezaa habari yote hii: Zero haina tundu la hedifoni. Sauti lazima uitafutie njia ya kutokea.

Njia ya kwanza iliyokuja akilini ilikuwa Bluetooth, kwa sababu ipo ndani ya ubao tayari na jirani yangu wa gheto alikuwa na sabufa yenye Bluetooth. Bure kabisa. Na hapo ndipo nilipojikuta nachagua mfumo wa sauti bila kujua kwamba nachagua.

Ngoja nieleze kidogo. Kwenye Linux sauti ina ghorofa. Ghorofa ya chini kabisa, ndani ya kerneli, inaitwa ALSA. Hii ilianzishwa mwaka 1998 na jamaa wa Czech, Jaroslav Kysela, ikachukua nafasi ya mfumo wa zamani ulioitwa OSS, na kuanzia kerneli ya 2.6, Desemba 2003, ndiyo ikawa ya kawaida. ALSA ndiyo inayoongea na kadi ya sauti. Hata simu zetu hizi za Android, kwa sehemu kubwa, ukichimba mpaka chini utaikuta ALSA imekaa pale. Shida yake ni kwamba ukiigusa moja kwa moja ni kama bafu la hosteli: akiingia mmoja kafunga komeo, mwingine atagonga mpaka achoke. Ndiyo maana juu yake watu wakajenga ghorofa nyingine ya kupanga foleni na kuchanganya sauti. PulseAudio ya Lennart Poettering ilianza 2004, na kufikia 2007 Fedora 8 ilikuja nayo. Hata kwenye vya kiganjani ilifika mapema, Nokia N900 ya 2009 ilikuwa kompyuta ya Linux ya mfukoni na ndani yake kuna PulseAudio. Baadaye ikaja PipeWire ya Wim Taymans, ambayo Fedora 34 ilianza nayo 2021, na mfumo rasmi wa Raspberry Pi ukaihamia Oktoba 2023. Pembeni kuna JACK, hiyo ni ya wanamuziki, watu ambao sauti ikichelewa punje moja wanapiga kelele.

Mshkaji wangu ni mtu wa kwaya, anarekodi kwaya ya kanisani kwao, kwa hiyo kwanza alitaka JACK. Nikamwambia bwana, mimi nina bibi mmoja, sina sauti ya kwanza mpaka ya nne. Akacheka, akasema, "Basi weka PipeWire, mwanangu, inafanya yote, ya kwaya na ya bibi." Na kweli, ALSA peke yake haijui Bluetooth, inahitaji mtu wa kati. PipeWire inajua. Tukaiweka. Sabufa ikaunganishwa, bibi akakohoa gheto zima likasikia. Nililala kwa furaha.

Somo la kwanza. Kidato cha tatu, wanafunzi 62, kipindi cha dakika 80. Nilikuwa nimeikata ile hadithi vipande 6, kitufe kimoja kipande kimoja, ili nisimame katikati niulize maswali. Darasa lilipokea vizuri mno. Nyimbo zilipoanza, wale wanaojua Kinyakyusa wakaanza kuitikia bila kuambiwa, nikaona hapa nimefika.

Tatizo ni kipande cha nne. Lazima niwape hadithi kidogo. Fisi kaenda ukweni, kaahidi kwamba ataheshimu. Usiku nyama ya sherehe inapotea. Kila mtu anajua ni nani kaila, maana fisi ni fisi. Na bibi kipande cha nne anakianza hivi, polepole, neno kwa neno: "Hakula. Hakula ile nyama." Hapo ndipo hadithi nzima inapogeuka. Mwizi ni mtu wa nyumba ile ile. Fisi kasingiziwa.

Nilipiga kipande, nikasimamisha, nikauliza: fisi alikula nyama au hakula? Akanyoosha mkono binti wa dawati la pili kutoka nyuma, mtu makini, siku zote ndiye wa kwanza kunakili tarehe. Akasema, "Alikula, mwalimu." Nikamwambia hapana, sikiliza tena. Nikazunguka kwanza kunyamazisha watu wa dirishani, nikarudi, nikabonyeza. Akasema tena, alikula. Nikauliza wengine, nusu darasa wakasema alikula, wengine kimya. Nami nikapanda hasira ya kijinga ya mwalimu wa field anayeona andalio la somo linaharibika. Nikasema, "Ninyi hamsikilizi. Hasa wewe. Simama mpaka kipande kiishe." Akasimama. Alichosema nakikumbuka mpaka sasa, alisema taratibu, si kwa jeuri: "Mwalimu, bibi amesema kula."

Usiku ule gheto nilikuwa napika maharage huku nimeunganisha kidude nisikilize tena. Nikapiga kipande cha tatu, kikafuata cha nne, safi kabisa: "Hakula." Nikajisemea, si nilijua, watoto hawasikilizi. Nikaenda kukoroga maharage. Niliporudi nikabonyeza cha nne tena, na bibi akasema: "...kula. Hakula ile nyama." Na hiyo "hakula" ya pili bibi huwa anaisema kwa kushusha pumzi, karibu kunong'ona. Kwenye sabufa inayovuma, nyuma ya darasa la watu 62, haisikiki kitu.

Nikasimama na mwiko mkononi.

Nilirudia mara nyingi. Nikibonyeza haraka haraka, "ha" ipo. Nikisubiri kidogo, "ha" haipo. Nikaanza kuhesabu kwa saa. Sekunde 3, ipo. Sekunde 4, ipo. Zikipita 5, imemezwa. Nikampigia mshkaji saa nne usiku, naye bila hata kushangaa akasema, "Aaa, hiyo inalala." Kumbe PipeWire ikikaa sekunde 5 bila kazi inalaza njia ya sauti ili kubana umeme. Ukibonyeza tena inaiamsha, lakini spika ya Bluetooth nayo lazima iamke, na mpaka iamke ile robo au nusu sekunde ya kwanza imeshapita hewani hakuna aliyeisikia. Kwa mtu anayesikiliza muziki si kitu, atakosa mpigo mmoja wa ngoma. Ila sisi Waswahili, jamani! Kukanusha kwetu kwingi kumekaa pale mbele ya neno. Mwingereza ukimmezea kichwa cha sentensi, ile "not" yake kwa kawaida iko mbele ya safari, atakuta bado ipo. Sisi ukitumezea silabi ya kwanza umetugeuzia habari nzima. Hakula, kula. Hakuiba, kuiba. Nimesoma mofolojia mihula miwili na sikuwahi kuiona ikifanya kazi kama usiku ule.

Na yule binti alikuwa amesikiliza kuliko mimi. Mimi nilikuwa naijua hadithi, nilikuwa nasikia "ha" iliyoko kichwani mwangu.

Haki itendeke hapa: mshkaji alisema ule muda wa sekunde 5 unabadilishika, unaandika sifuri kwenye faili la mipangilio, hailali tena. Ni kweli, na PipeWire si mfumo mbovu, kwenye laptop yangu naitumia hadi leo. Lakini nilishaanza kuiogopa Bluetooth. Kwenye huu ubao Bluetooth na Wi-Fi ziko kwenye chipu moja, na mara nyingine sauti ilikuwa inakwaruza hata kabla ya hili. Nikaamua: waya. Jumamosi asubuhi nikapanda daladala mpaka Mwanjelwa, nikazunguka Sido nikapata kadi ya sauti ya USB, kidude kidogo kama flashi chenye matundu mawili, moja la spika na moja la maiki. Muuzaji alitaka elfu 15, tukamalizana kwa elfu 10.

Sasa waya ukishakuwepo, Bluetooth haina kazi. Bluetooth ikiondoka, ile sababu kubwa ya kuwa na PipeWire nayo imeondoka. Nikajiuliza, nina programu ngapi zinazotaka kutoa sauti kwa wakati mmoja? Moja. Bibi. Mshkaji alitaka kuweka na sauti ya kutangaza betri ikikaribia kuisha, kwa espeak-ng, ambayo inajua Kiswahili japo inakiongea kama mgeni aliyefika jana. Nikamkatalia. Nikiwa katikati ya fisi na wakwe, sitaki robota anitangazie betri. Kwa hiyo lile bafu la hosteli ambalo watu wote wanalilalamikia, kwangu mimi ndilo hasa nililokuwa nalitaka: bibi aingie, afunge komeo, asigongewe. Tukafuta mfumo wote, tukaweka toleo dogo la Raspberry Pi OS lisilo na madirisha, likabaki na ALSA tupu. RAM ikapumua, na kuwaka kukawa haraka.

Nikaandika programu yangu fupi ya kubonyeza vitufe, ndani yake inaita aplay, na nikaielekeza kwenye kadi moja kwa moja, ile njia inayoitwa hw. Mwanzoni ilinigomea nilipojaribu faili la njia moja, nikalitengeneza liwe la stereo, ikakubali. Na kwa vile kioo ni kidogo na nilitaka kionekane kisafi, maneno yote ambayo aplay inaandika nikayatupa yasionekane. Kumbukeni hilo.

Somo la pili. Kabla ya yote nikapiga kipande cha nne. "Hakula." Kila mtu akasikia, hata wa dirishani. Nikamtazama yule binti nikamwambia mbele ya wote, wewe ulisikia sawasawa, mashine yangu ndiyo iliyomeza neno, na mimi ndiye sikusikiliza. Akasema, "Ndiyo mwalimu, nilikuambia." Darasa likaangua kicheko, na mimi nikacheka, ila nawaambieni uso ulikuwa unawaka. Tukapiga hadithi nzima mara mbili, somo likaenda vizuri, nikaandika muda wa kila hatua ili niweke kwenye andalio la siku ya kuasesiwa. Mvulana mmoja akasema bibi yako bado kijana eeh. Nikaona ni utani.

Wikiendi ile nikapanda Coaster kwenda Tukuyu. Pale Isyonje ukungu ulikuwa hauonyeshi hata mgongo wa gari la mbele. Nimefika bibi kanipikia mbalaga, ananiita mume wangu kama kawaida yake, mume wangu umekonda, huko mjini hawakulishi? Shikamoo bibi. Marahaba. Nikatoa kidude, nikaweka spika ndogo ya betri, nikabonyeza.

Bibi akasikiliza mwanzo wote hajasema kitu. Kisha akauliza, "Huyu nani?"

Nikamwambia ni wewe bibi.

"Si mimi. Huyu ni mdogo wangu marehemu. Yeye ndiye alikuwa na sauti hiyo." Akasikiliza tena kidogo. "Na ana haraka ya kwenda wapi?"

Nilidhani ni yale ya watu kutokuijua sauti yao wenyewe ikirekodiwa. Lakini lile neno haraka halikunitoka. Nikatoa simu, nikapiga rekodi ya asili pembeni. Bibi wa kwenye simu na bibi wa kwenye kidude walikuwa watu wawili. Nikapima kwa saa, ya kwenye simu dakika 10, ya kwenye kidude dakika 9 na sekunde 11. Sekunde 49 zimeenda wapi?

Nikaifungua programu yangu, nikaruhusu yale maneno niliyokuwa nayatupa, na aplay ikaniambia ilichokuwa inaniambia siku zote: umetaka 44,100, kadi imetoa 48,000, tafadhali jaribu plug. Ndiyo hivyo. Simu ilirekodi sauti kwa kuipima mara 44,100 kila sekunde. Hii kadi yangu ya elfu 10 inajua 48,000 tu. Kwa njia ya hw, ALSA haikusaidii kutafsiri, inamwaga vipimo vile vile kwa mwendo wa kadi, basi bibi anakwenda mbio karibu asilimia 9 na sauti inapanda juu kama kapunguza miaka 20. PipeWire ilikuwa inatafsiri yenyewe kimya kimya bila mimi kujua. Mimi nilimfukuza mtu wa kati na kazi yake nikasahau kuifanya.

Dawa yake ni herufi 4. Badala ya hw unaandika plughw, na ALSA inaweka mtafsiri katikati, wa kubadili mwendo na hata kugawa njia moja kuwa mbili. Gharama yake kwenye kile kichipu sikuiona kabisa. Na wakati huo huo nikaacha kuiita kadi kwa namba nikaiita kwa jina, maana kuna asubuhi moja kidude kiliwaka kikaipa namba yake HDMI, na bibi akawa anasimulia kwenye waya ambao haujachomekwa popote.

Nikabonyeza tena pale pale jikoni. Bibi akatulia. Akasogeza kuni, sijui kama alijua kwamba na yule wa kwenye kidude alikuwa ndio anasogeza kuni. Akasema, "Haya, huyo sasa ni mimi. Mdogo wangu mrudishe kidogo."

Nikarudisha hw. Tukamsikiliza mdogo wake mpaka mwisho wa wimbo wa kwanza, ndipo nikaweka plughw. Ile faili ya hw nimeitunza pembeni, bibi aliniagiza.

Siku ya kuasesiwa, mhadhiri kaa nyuma na fomu yake, na umeme ukakatika dakika ya 6. Sabufa kwisha habari. Kidude kilikuwa kwenye pawabenki hakikujua hata kama kuna tatizo, nikatoa ile spika ndogo ya betri, nikawaambia wanafunzi sogezeni viti njooni mbele. Wote 62 wakajibana kunizunguka, waliokosa nafasi wakakaa sakafuni, na hapo kwa mara ya kwanza TP nzima lile darasa lilifanana na jiko la bibi. Kipande cha nne kilipofika nilisubiri makusudi, sijui hata kwa nini, nikahesabu moyoni sekunde 5, 6, 7, ndipo nikabonyeza.

"Hakula."

Yule binti alikuwa ananiangalia mimi, si spika.

Mhadhiri aliniandikia vizuri upande wa zana, ila alinikata kwenye muda, nilizidisha dakika 4. Kama dakika moja na nusu ya hizo ni kwa sababu andalio niliandika kwa mwendo wa mdogo wake bibi, na siku ile alisimulia bibi mwenyewe, mara mbili. Sikujaribu kumweleza.

Wiki zilizobaki tulirekodi. Kurekodi ni arecord, 48,000 sawa na kadi, njia moja, ambayo inakula MB 5.76 kwa dakika, kwa hiyo hata memori kadi ndogo inabeba hadithi za darasa zima. Yule binti alileta hadithi ya dakika 7 kutoka kwa babu yake wa Igurusi, lakini aliisimulia yeye mwenyewe. Alipojisikiliza aliziba uso kwa daftari, kisha akaomba kurudia, na mara ya pili kila sentensi ya kukanusha aliikandamiza mwanzoni, HA-kwenda, HA-kumwona, mpaka wenzake wakaanza kumwita Ha. Jina limebaki.

Mshkaji alikuwa anakidai kidude chake lakini tumeelewana kikae pale shuleni kwa mwalimu wa somo mpaka muhula uishe. Jana mwalimu amenipigia, kijana, mashine yako imegoma, tukibonyeza kurekodi inaandika kwamba kifaa kinatumika. Nikamwambia hiyo ni kawaida, kuna mtu yuko ndani kafunga komeo, bonyeza kitufe cha 6 kusimamisha. Kumbe mwanafunzi alirekodi saa nne asubuhi akasahau kuzima. Wamekuta faili moja la saa 2 na nusu, MB 864, kengele, madawati yanaburuzwa, na mtu mmoja mbali kabisa anaimba Kinyakyusa. Mwalimu kauliza alifute. Nimemwambia asilifute kwanza.

Ngoja nikimbie, nina kipindi saa nane na desa sijalishika.